Mwaka wa Ngazi na Mizani

Tulikuwa wanawake wanne tuliomwosha Shangazi Rehema, nami nilipewa kumshika mabega. Nilijitayarisha kwa uzito. Nina miaka arubaini na sita, na maradhi yangu yamenifundisha kukadiria kila mzigo kabla sijauinua, uwe ndoo, sufuria au mtoto wa mtu. Nikapanga miguu, nikavuta pumzi, nikamwinua, na nusura nimrushe kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Kisukari kilikuwa kimemtafuna miaka minne, kikabakisha ngozi na mifupa. Jirani yake mmoja alikuwa akilia huku akimimina maji, akisema, "Huyu hakuwa na makuu. Alikuwa mama wa kila mtu." Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi niliendelea kukoroga maji ya kafuri. Najua dini yetu inamkataza aliyemwosha maiti kufichua aibu yake, na kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kumsema shangazi kwa mtu. Kwa hiyo nitangulie kusema kwamba katika haya nitakayoyaeleza, aibu kubwa kuliko zote ni yangu mimi, na mimi ningali hai.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nikikaa kwake Malindi, katika nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi nyembamba za mawe zilizotoka uwani hadi darini. Nilikuwa nimeposwa na kijana aitwaye Twalib, na nilikuwa na kilo tisini na moja. Uzito huo naujua kwa sababu mtaa mzima uliujua. Siku mama yake Twalib alipokuja kuniangalia, nilimpikia wali wa nazi na mchuzi wa nguru, nikapakua, kisha nikarudi jikoni kama ipasavyo. Ukuta wa jikoni ulikuwa na dirisha la mbao lililofunguka ukumbini, na nilisikia kila neno. Mama yule alimaliza kula, akanawa, akasema, "Mtoto mzuri, ana adabu, na mkono wake wa jikoni sina la kuutoa kasoro. Lakini mwanangu mwembamba, Bi Rehema. Huyu akimgeukia kitandani atamuua." Wanawake wote wakacheka. Shangazi ndiye aliyecheka mpaka akakohoa, na alipopata sauti akasema, "Nipe miezi tisa. Nitakupa mke mwingine."

Wakati huo tayari nilikuwa na maumivu, yapata miaka mitatu. Niliyaita maumivu kwa kukosa jina. Ngozi yote ilikuwa kama imepigwa jua kutwa, hata shuka ikinigusa begani nashtuka. Nalala kwa muda wa saa nane, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kuna asubuhi nilisimama nimeshika mbuzi ya kukunia nazi na nisikumbuke inaitwaje. Nikaigeuza mkononi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nilikwenda zahanati mbili na hospitali moja. Kote walinipima damu, na kote wakasema damu yangu ni safi. Kila cheti kilichorudi kisafi shangazi alikiweka kabatini, na nikilalamika hukitoa akanisomea. "Malaria hakuna. Sukari hakuna. Baridi yabisi hakuna. Kilichobaki hapa ni uvivu, mwanangu, na uvivu dawa yake naijua."

Dawa ilikuwa ngazi. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa akitoa kiti uwani, akaketi na tasbihi yake, na mimi nikapanda na kushuka, naye akivuta punje moja kila nifikapo chini. Mara thelathini. Vidole vyake havikukosea hata siku moja. Baada ya ngazi, kuruka kamba. Baada ya kamba, maji ya vuguvugu na ndimu. Mchana kabichi iliyochemshwa na kipande cha samaki asiye na nazi, ilhali mezani palepale yeye na wageni wake wanakula mahamri na mbaazi, na mimi ndiye niliyeyachoma mahamri hayo. Jumatatu alinipeleka dukani kwa Bwana Jayanti, jirani yetu aliyeuza nafaka, akanipandisha kwenye mizani kubwa ya kupimia magunia, mbele ya wateja, mbele ya wachukuzi waliokuwa wakipumzika juu ya magunia ya mahindi. Bwana Jayanti alikuwa mtu mzima mwenye haya. Wiki mbili za mwanzo alisoma namba kwa sauti ndogo, na wiki ya tatu akapunguza kilo mbili ambazo mimi mwenyewe nilijua sikuzipunguza. Shangazi akavaa miwani, akainama, akasoma mwenyewe, akasema, "Bwana Jayanti, hata wewe unamhurumia? Ndiyo maana ameharibika." Tangu siku hiyo akawa anasoma yeye, na sauti yake ilifika hadi ng'ambo ya barabara.

Aliyeona kilichokuwa kikinitokea alikuwa Kadzo. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kwao Kakuyuni, na alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa shangazi kwa mwaka wa pili, akija asubuhi na kuondoka alasiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alinikuta uwani nimekaa chini, kitana mkononi, nimeshindwa kuinua mkono nichane nywele. Akakichukua, akaanza kunichana, akasema, "Mimi nakuangalia, dada. Siku ukipanda ngazi zote, kesho yake mikono haiinuki. Siku Bi Rehema akikatizwa na mgeni, ukapanda kumi, kesho yake unapanda tena vizuri tu." Nikamuuliza alijuaje. "Sijui kitu," akasema. "Naangalia tu. Wewe huangalii kwa sababu unaogopa."

Kuanzia hapo tukawa na siri. Shangazi alikuwa na darsa ya wanawake mara tatu kwa wiki, na akitoka aliacha amri kwamba nipande ngazi na Kadzo ahesabu. Kadzo hakuhesabu ngazi. Alinitoa nje tukatembea, polepole, hadi kwenye duka la mkaa na kurudi, mwendo wa dakika tano. Nilipotaka kuendelea kwa kuwa siku hiyo nilijisikia vizuri, alinishika mkono akasema, "Basi. Urudi na nguvu, usirudi bila." Na siku nilipotaka kulala kwa kuwa kila kiungo kilikuwa kikiniwaka, alikataa vilevile: "Hata hadi mlangoni. Lakini tutoke." Wiki ya tatu tukafika kona. Mwezi wa pili tukafika sokoni, tukiketi njiani mara mbili. Akawa ananikanda mabega kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, ananipa kiazi kitamu cha kuchemsha alichotoka nacho kwao, na akisema nile, maana mwili wenye njaa hauna subira. Nilianza kulala usingizi unaopumzisha. Na Jumatatu, kwenye ile mizani, kilo zikawa zinashuka moja moja. Shangazi aliporudi na kuuliza, "Amepanda?" Kadzo alijibu bila kupepesa macho, "Amepanda zote, Bi Rehema." Alisema uongo kwa ajili yangu mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema linalofuata.

Mama yake Twalib alituma habari kwamba atakuja na dada zake wawili kuona nimefika wapi. Shangazi akaagiza halua, ile nyeusi yenye iliki, ikaja kwenye bati la kilo mbili ikawekwa stoo. Ili nionekane mwembamba siku hiyo, siku mbili za kabla yake hakunipa kitu ila maji ya ndimu na tango, na Kadzo hakuwa na nafasi ya kunipenyezea chochote kwa sababu shangazi alishinda jikoni. Asubuhi ya wageni niliingia stoo kuchukua unga. Niliufunga mlango kwa mgongo wangu, nikachota halua kwa vidole, nikameza, nikachota. Siwezi hata kusema ilikuwa tamu. Sikuionja. Nilipozinduka nusu ya bati ilikuwa imekwisha, na nikatoka na unga wangu kama kwamba hapana kitu.

Shangazi alilifungua bati saa nne hivi. Alilileta uwani akaliweka chini katikati yetu. Mimi nilikuwa nachambua mchele, Kadzo amechutama akipaa samaki magamba.

"Ni nani?"

Nikaendelea kuchambua mchele.

"Maimuna. Kama ni wewe sema sasa hivi, maana wakifika wageni nitawapeleka wote kwa Bwana Jayanti, na mama mkweo asome mizani kwa macho yake."

"Si mimi, shangazi."

"Ni nani basi? Paka?"

Nikasema, "Kadzo."

Kadzo aliacha kisu. "Mimi?" Hakuniuliza mimi, alimgeukia shangazi. "Bi Rehema, mwulize tena. Mwulize huku ananiangalia."

Shangazi akakunja mikono. "Haya. Mwangalie, useme."

Nilipewa nafasi hiyo, ya pili, na hakuna aliyenishika koo. Nikamwangalia Kadzo usoni. Kulikuwa na gamba la samaki limemng'ang'ania juu ya nyusi. Nikasema, "Nilimwona akitoka stoo."

Akanawa mikono. Hakulia, hakuapa. Shangazi akaona haitoshi. Akamwambia akikung'ute kikapu chake barazani, nje, ili ionekane hakuna kingine alichokichukua, na majirani wakatokeza milangoni. Kikatoka kitana, leso, kobazi zake za kwendea nyumbani, na ile chupa ya mafuta ya nazi aliyokuwa akinikandia. Mwanamke wa nyumba ya mkabala akauliza kuna nini, na shangazi akamjibu kwa sauti ya kusikika, "Mwizi. Nimemlea mwizi jikoni kwangu." Wageni walipofika saa sita walikula halua iliyobaki, na mama yake Twalib akanigeuza huku na huku kwa kunishika bega, akasema naanza kuwa mtu.

Miezi minne iliyofuata sikuwa na wa kunificha. Ngazi zikawa arubaini. Nikawa napungua kwa kasi, na nikawa nazidi kuumwa kwa kasi ileile, na watu waliona la kwanza tu. Sijapata kusifiwa maishani kama nilivyosifiwa miezi ile. Wanawake walinisimamisha njiani. "Umependeza! Umefanyaje?" Vidole vyangu havikunjiki, taya inauma nikitafuna, nasahau rakaa katikati ya sala, na mtu ananishika kiuno kwa furaha, na hapo aliposhika panawaka hadi jioni. Jumatatu niliyofika kilo sitini na nane shangazi alipiga kigelegele mle dukani, na wachukuzi wakapiga makofi. Bwana Jayanti peke yake alikuwa akiangalia mikono yangu, jinsi nilivyoikumbatia kifuani kama ndege aliyevunjika bawa.

Nilianguka kwenye ngazi wiki iliyofuata. Nilikuwa nashuka mara ya thelathini na mbili, goti likakataa, nikaketi kwa kishindo kwenye mawe. Shangazi hakuinuka kitini. Aliitazama tasbihi, akasema, "Bado nane." Nikamwambia siwezi kusimama. "Sikusema usimame," akasema. "Nimesema bado nane." Nilizipanda kwa mikono na magoti, nikazishuka kwa makalio, mara nane, na alihesabu zote. Kesho yake sikuweza kugeuka kitandani, wala siku ya pili, na siku ya nne ndipo alipoogopa, si kwa ajili yangu nadhani, kwa ajili ya harusi, akatafuta gari tukaenda hospitali moja kule Kilifi.

Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya kuchoka. Hakuanza na damu. Alinibonyeza kwa kidole gumba, shingoni, mabegani, kiwikoni, nyongani, gotini, na kila alipobonyeza nilipiga ukelele. Akaniuliza kuhusu usingizi, akaniuliza kama nasahau majina ya vitu. Nikamwambia habari ya mbuzi ya nazi, na hakucheka. Akasema maradhi yangu yanaitwa fibromaljia, kwamba hayataniua na hayataondoka, kwamba mishipa ya fahamu inapiga kelele ya maumivu hata pasipo na jeraha. Shangazi akamkatiza. "Kwa hiyo kwenye vipimo hana kitu."

"Ana kitu, mama. Vipimo hivi havikioni."

"Nisichokiona mimi nakiita uvivu."

Daktari akanigeukia mimi na kuendelea kama vile mle chumbani hapana mtu mwingine. Nile chakula kamili. Kama nataka kupungua, nipungue taratibu. Nifanye mazoezi, tena ni lazima, lakini nianze na dakika tano za kutembea; siku nzuri nisizidishe, siku mbaya nisiache kabisa; nikizoea niongeze dakika moja. Nilianza kulia. Alidhani nalia kwa sababu ya ugonjwa, akanipa karatasi ya kujifutia, akaniambia wengi wanaishi vizuri tu. Nilikuwa nalilia dakika tano. Nilikuwa nazijua. Zilikuwa mwendo wa kutoka kwetu hadi duka la mkaa na kurudi.

Shangazi alinikataza kulitaja jina la maradhi, lakini dereva wa gari lile alikuwa na dada, na dada alikuwa na shoga. Twalib alikuja barazani wiki hiyohiyo, hakuketi. Alikuwa kijana mpole, na aliyasema kwa upole. "Mama anasema nitakuwa nimeoa wawili, wewe na ugonjwa wako, na nyumba yangu ina chumba kimoja." Nadhani alitaka tucheke. Baada ya hapo shangazi hakunipandisha ngazi tena, wala kunipima, wala kunisalimu. Akawa ananipakulia wali sahani pomoni na kuniwekea mbele, akisema, "Kula sasa. Nani anakutazama?"

Nikahamia Kilifi, nikapanga chumba Kibarani, nikapata kazi ya kusomesha watoto wa chekechea. Nilitembea dakika zangu tano kila asubuhi, kisha sita. Kilo sita zilinirudia, na nikaziacha. Hadi leo sijafika mbali sana: natembea dakika arubaini, nina kilo sabini na tano, na kuna wiki ninashuka tena hadi tano na kuanza upya. Sijui siku isiyo na maumivu ikoje. Lakini hayo ni ya mwili, na mwili nimeshapatana nao. Nilipofikisha dakika kumi nilipanda gari, kisha bodaboda, hadi Kakuyuni, nikaulizia kwa Kadzo.

Nilimkuta anapukuchua mahindi mbele ya nyumba yao. Aliinua macho, akaendelea kupukuchua. Nikamwamkia, akaitika. Hakuniambia niketi. Nikasema yote nikiwa nimesimama, habari ya stoo, ya halua, ya woga, na nikamwomba radhi. Alingoja hadi nikamaliza maneno yangu, naye akamaliza hindi lake.

"Nilipotoka pale nilibisha hodi nyumba saba," akasema. "Mtaa uleule, na mtaa wa pili. Kila nyumba, jina langu lilikuwa limeshafika kabla yangu. Umemwambia Bi Rehema?"

"Bado."

"Na hao wengine?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi umekuja kuniambia mimi kitu ninachokijua," akasema, na akachukua hindi jingine. Sikumwona tena baada ya siku hiyo.

Nikaenda Malindi. Shangazi alikuwa ukumbini anakunywa chai ya tangawizi. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia kwamba aliyekula halua ni mimi. Hakuweka hata kikombe chini.

"Najua," akasema. "Ulitoka stoo ukaya wako wa kichwani una mafuta ya halua mpaka kifuani. Nani asingeona?"

"Sasa kwa nini ulimfukuza?"

"Alikuwa anakufundisha kuketi. Unadhani sikujua mlikuwa mnatembea mkipunga upepo? Bwana Jayanti aliniambia, akidhani nitafurahi. Nilikuwa natafuta sababu ya kumwondoa, na wewe ukanipa." Akanywa. "Nilikwambia umwangalie usoni useme. Nilitaka kuona kama utaweza. Ukaweza."

Nikamwomba awaambie majirani ukweli. Akasema watu wameshasahau, na mwenye haja akawaambie mwenyewe. Hilo ndilo nililofanya. Nilitoka nikaanza na nyumba ya mkabala, nikabisha hodi, nikaingia, nikasema: Kadzo hakuiba, mwizi ni mimi, na nilimsingizia. Nikatoka nikaenda ya pili. Dakika zangu kumi zilikwisha nikiwa nyumba ya tatu. Nyumba ya nne nilijishika kwenye ukuta kufika, na mwenye nyumba akasema, "Bati la halua tu? Ndilo lililokutoa Kilifi?" Nyumba ya tano walinisikiliza hadi mwisho, mama na binti yake. Yule mama akanitazama juu hadi chini, uso ukamchangamka, akasema, "Lakini mashaallah, Maimuna, umepungua! Hebu niambie, ulikuwa unakula nini?"

Niliaga nikatoka, na miguu ikanikatikia palepale, nikaketi kwenye baraza yao, chini ya dirisha. Ndani binti alikuwa akimuuliza mama yake nilikuja kutaka nini hasa. "Hata sikuelewa," mama akasema. "Mambo ya mtumishi. Yule ni wa Bi Rehema, yule aliyekuwa mnene." Nikasikia wakiondoa vikombe. Jua lilikuwa kali, mapaja yananiwaka, na nilijua kwamba mwendo ule nitaulipa kwa siku nyingi za kulala. Nikakaa hadi magoti yalipokubali, nikajiinua kwa kushika nguzo, nikaenda nyumba ya sita.